Wiki ya Maharage Safi

Niliposema nyumbani kwamba nimestaafu, mama aliacha kusonga ugali akanitazama.

"Watu wanastaafu wakiwa na mvi, Atu. Umefukuzwa?"

Sikufukuzwa. Nina miaka ishirini na minane, nimefanya kazi moja tu maishani, na sitaifanya tena. Mtu akisema ameacha kazi, watu wanamuuliza anakwenda wapi. Akisema amestaafu, wanamwacha apumzike. Nimelifikiria jambo hili tangu nishuke basi hapa Mbeya, na sijapata neno linalofaa zaidi.

Ninawaandikia ninyi wawili mliochukua meza yangu kule Iringa. Mlinipigia simu kuuliza ufunguo wa kabati uko wapi, na nilipomaliza kuwaelekeza nikaona kuna mengine ambayo hakuna atakayewaambia. Mambo ya vyeo na mishahara mtayajua wenyewe. Hayachukui muda kujifunza.

Siku yangu ya kwanza nilichelewa kwa sababu sikutaka kuuliza njia. Nilijua ofisi iko juu ya duka la vipuri vya magari karibu na soko, na duka nililiona. Ambacho sikukiona ni ngazi. Nikajiambia kwamba nikimuuliza muuzaji atadhani ni mshamba, na nisipomuuliza atadhani ninavizia kuiba. Nikazunguka soko. Niliporudi mara ya tatu, mzee mmoja aliyevaa kofia ya kufumwa alitoka mlangoni, akaniambia kwa upole, "Bibie, umekuja kuhariri au kununua rejeta?"

Huyo alikuwa Mzee Salum, mwenye nyumba yetu ya kuchapisha vitabu. Babu zake walikuja kutoka pwani wakiuza vitambaa, yeye akahamia kwenye madaftari na kalenda, na mwishowe kwenye riwaya za vijana. Alipenda kusema kwamba madaftari yanamlisha na riwaya zinamnyima usingizi. Alikuwa mtu mwema. Liwekeni hilo akilini mnaposoma yanayofuata, maana mimi lilinisumbua muda wote.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Vumilia, ambaye mmemkuta bado yupo. Alikuwa amefundisha Kiswahili Kilolo mpaka akastaafu, ule ustaafu wenyewe wa watu wazima. Siku ile alinipa kalamu ya risasi, kifutio na rula.

"Ya wino je?" nikauliza.

"Ya wino ni ya mkaguzi. Sisi tunapendekeza."

Rula ilikuwa ya kuweka chini ya mstari ninaousoma, ili nisione unaofuata. "Macho ya msomaji yana kiherehere," alisema. "Yanajua mtoto atakufa kabla mtoto mwenyewe hajaugua." Itumieni hiyo rula. Iko kwenye droo ya kulia na ina alama za meno ya mtu upande mmoja. Meno ni yangu.

Katika riwaya tulizohariri, karibu kila kijana alikuwa amefiwa, ametelekezwa, au anamficha mama yake chupa za baba. Wapo waandishi waliojua wanachokisema. Wapo pia waliopenda tu kuua. Mwandishi akishindwa kumaliza hadithi, aliwapandisha wahusika wake basi na kuwapeleka Kitonga, kwenye zile kona. Mwaka wangu wa kwanza nilizika familia nzima nzima pale mlimani. Nilikuja kumwandikia mmoja wao pembeni: "Je, hawawezi kupita Dodoma?"

Mapenzi nayo yalikuwa na taratibu zake, kwa sababu wanunuzi wetu wakubwa walikuwa wakuu wa shule. Kubusiana kulikatwa. Kushikana mikono kulikatwa. "Waazimane mkebe," Mzee Salum aliagiza, na ndiyo maana katika vitabu vyetu kijana akimwazima msichana bikari na kipimapembe, msomaji anatakiwa kuelewa kwamba hali imefika mbali.

Sasa maharage. Mtasikia kwamba ni utani wa zamani. Si utani, ndiyo kazi yenyewe.

Kwenye shule moja ya bweni ya wasichana kule Kilolo, kila Jumamosi kidato cha pili huchambua maharage ya wiki inayofuata. Wanakaa bwaloni, masweta hadi shingoni, kila mmoja na ungo wake, wanatoa vijiwe na mbegu mbovu, mazuri yanaangukia kwenye beseni. Mwalimu Vumilia aliwahi kuwa mwalimu wa zamu pale, na aligundua kwamba akiwasomea hadithi hawapigi kelele. Kisha akagundua jambo la pili: hadithi ikiwakamata, mikono inasimama. Alipoanza kuhariri, aliligeuza kuwa sheria ya nyumba yetu. Hakuna mswada unaokwenda mtamboni bila kusomwa bwaloni. Mmoja wetu anasoma, mwingine anasikiliza mabeseni. Pale maharage yanapoacha kudondoka, unaweka alama ya kalamu ya risasi. Ukurasa wenye alama hauguswi. Kurasa nyingi zikipita bila alama, mwandishi anarudishiwa kazi yake.

Jambo la tatu aliligundua matroni. Kitabu kikiwa kizuri, wiki nzima shule inakula mawe.

"Mmekuja tena na vilio vyenu," alikuwa akitupokea getini, kisha anatusalimia Kihehe. "Kamweneni. Safari hii someni kitu kibaya kidogo, walimu wangu wana meno machache."

Mwaka wangu wa tatu ndipo Rehema alipopanda ngazi zile. Hakupotea kama mimi. Aliuliza dukani, akapanda, akaweka mfuko wa rambo mezani kwangu, ndani yake madaftari yaliyonusa vitunguu.

"Shikamoo dada."

Tulilingana, nadhani mimi nilimzidi kidogo. Sikujua niitikie au nikatae. Nikaitikia nusu.

Alikuwa mama ntilie Ipogolo, kule chini barabara kuu inakopita, mahali malori yanapopaki. Kitabu chake kilikuwa cha msichana anayeitwa Zawadi. Mama yake Zawadi anafariki, na baada ya matanga ukoo unakaa kikao. Katika kikao kile, baada ya kugawa vyombo na nguo za marehemu, wanagawa watoto. Zawadi anapewa shangazi. Mdogo wake wa miaka sita, Kadogo, anapewa mama mdogo aliyeko mbali. Wanapakiwa siku moja kwenye magari mawili. Zawadi anaahidi kumfuata. Anakua, anampenda kijana anayechoma mahindi stendi, na kijana anauza simu yake ili Zawadi apate nauli. Baadaye kijana anakwenda kupasua mbao Mafinga na harudi. Zawadi anafika kwenye nyumba ya mama mdogo, anasimama kwenye kibanda cha viazi ng'ambo ya barabara, na anamwona Kadogo uani. Ana viatu. Ana sweta jipya. Anamwita mama mdogo "mama." Zawadi anafikiria atakakompeleka mtoto yule, anaona hana mahali, anapanda basi anarudi. Basi. Kitabu kimekwisha.

Nilisahau rula. Nilisoma mpaka mwisho bila kuiweka.

Alipokuja tena nilimuuliza kama mwisho ule ni wa kweli, kisha nikajuta, kwa sababu mhariri haulizi hivyo.

"Ni wa kweli," Rehema alisema. "Mdogo wangu anaitwa Sifa. Yuko Uyole, Mbeya, sasa hivi kidato cha kwanza. Jirani aliniona siku ile pale kwenye viazi, akamwambia. Tangu hapo nikipiga simu anajibu 'sawa' tu. Nikisema nimekukumbuka, sawa. Nikisema nakupenda, sawa."

"Hujamweleza?"

"Nikianza kueleza nalia, naye anakata. Ndiyo nikaandika." Akagonga daftari la juu kwa kidole. "Nimemwambia, Sifa, kuna kitabu kinakuja, kisome chote. Jibu lako liko mwishoni."

Shikeni hapo. Kila kilichofuata kilitegemea mwisho ule ubaki ulivyo.

Tulikipeleka Kilolo. Nilisoma mimi, Mwalimu Vumilia akasikiliza. Kwenye kikao cha ukoo maharage yalipungua. Zawadi alipofika kwenye kibanda cha viazi, bwalo lilinyamaza kabisa, na nikaogopa kwamba nimesoma vibaya. Nikainua macho. Mikono yote ilikuwa ndani ya nyungo, imetulia. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, Eda, alikuwa ameshika jiwe kati ya vidole viwili na hakulitupa hadi nilipofunga daftari. Mwalimu Vumilia hakuweka alama pembeni. Alipiga mstari mmoja, kutoka juu ya ukurasa hadi chini.

Jumatatu matroni alipiga simu. Mwalimu wa hesabu alikuwa amevunjika jino.

Nilifurahi. Nilimpigia Rehema nikamweleza habari ya jino, akacheka hadi wateja wakamuuliza ana nini. Ninawaambia hili mjue kwamba kazi hii ina siku zake.

Wiki ile ile mkuu wa shule naye alipiga, lakini kwa Mzee Salum. Wasichana walikuwa wamelia wakati wa prepu, yale masomo ya usiku. Wawili waliomba ruhusa kwenda kuwatafuta ndugu zao. Wazazi walezi wa mmoja walikuja juu wakiuliza nani anawafundisha watoto kwamba walichukuliwa kama vyombo. Kitabu kile, alisema, hatakiweka maktaba, na atawaeleza wakuu wenzake.

Mzee Salum alituita ofisini kwake. Alitumiminia chai mwenyewe, nikajua mambo ni mabaya.

"Mwanangu," aliniambia, "mtoto akimaliza kitabu anacheka, mwalimu mkuu ananunua cha pili. Akimaliza analia, nabaki navyo mimi, navitazama. Hiki kitabu ni kizuri. Nakitaka kiende. Hakiendi hivi."

"Mwisho una alama, Mzee. Ukurasa wenye alama hauguswi."

"Sijasema uguswe. Nimesema uandikwe mwingine."

Nilimtazama Mwalimu Vumilia. Sheria ilikuwa yake. Nilikuwa na hakika ataisimamia. Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka.

"Niachieni," alisema. "Nitauandika mimi."

Aliuandika kwa siku moja, na uchungu wangu ni kwamba uliandikwa vizuri. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha Rehema. Zawadi anavuka barabara. Kadogo anamtambua kwa mwendo wake. Mama mdogo anatoka, anatokwa na machozi, anafunga nguo za mtoto kwenye begi. Wanashuka wote wawili Iringa, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye ua wa maua, na Zawadi anafungua dirisha.

"Mwalimu," nilisema, "huyu mtoto yupo. Yuko Uyole anakisubiri kitabu. Ameambiwa jibu liko mwishoni. Hili si jibu lake."

Alivua miwani. "Atu, unajua mimi nimelea wangapi? Watatu. Nilipewa kwenye kikao kama hicho hicho, wa kaka yangu. Miaka yote wakisikia gari linasimama nje wanakimbilia dirishani. Hakuna aliyekuja. Acha kitabu kimoja, kimoja tu, mtu aje."

Kwa kawaida huwa nina majibu mengi, ila huja nikiwa nimeshafika nyumbani. Siku ile nilipata moja palepale: nilidai ukurasa mpya nao upelekwe Kilolo. Sheria ni sheria. Mikono ikisimama, uchapwe. Isiposimama, turudishe wa Rehema.

"Ni haki," Mwalimu Vumilia alisema. Mzee Salum akatikisa kichwa kukubali.

Jumamosi ile baridi ilikuwa ya kuuma meno. Safari hii alisoma yeye, na sauti yake mnaijua, ingeweza kumsimamisha punda. Nilikaa karibu na mabeseni na kalamu yangu. Zawadi akavuka barabara: maharage yanadondoka. Mama mdogo akalia: yanadondoka. Begi likafungwa, basi likaondoka, dirisha likafunguliwa, na mabeseni yaliendelea kulia kama mvua kwenye bati, bila kukata. Wasichana walikuwa wanatabasamu. Mmoja alimwomba mwenzake amsogezee ungo. Kalamu yangu haikugusa karatasi.

Wakapiga makofi. Eda akanyoosha mkono.

"Madam, samahani. Siku ile si alirudi bila kumchukua?"

"Mwandishi amebadilisha," Mwalimu Vumilia alisema.

"Aah." Eda alirudisha macho kwenye ungo wake. "Nilidhani ilitokea."

Kwenye gari wakati wa kurudi nilisubiri mpaka tulipoanza kuiona Iringa kule juu ya kilima.

"Mikono haikusimama, Mwalimu."

"Nimesikia."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana, ndiyo." Alitazama nje. "Lakini umeziona nyuso zao?"

Jumatatu nilikwenda na ukurasa ule usio na alama mpaka kwa Mzee Salum. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja na kwa majibu ya hoja zake. Hakutoa hoja. Simu yake ilikuwa sikioni, na kwa mkono wa pili alinionyesha kiti. Alikuwa anazungumza na matroni, akaweka spika ili nami nisikie.

"Mzee, nimepika mwenyewe leo," sauti ya matroni ilijaa chumbani. "Maharage safi kabisa! Hakuna hata jiwe. Mkuu amefurahi, anasema kitabu hicho sasa ndicho. Leteni vingine kama hicho, jamani, mtuokoe meno."

Mzee Salum alikata simu akanitazama kwa huruma ya kweli. Kitabu kikaenda mtamboni. Mkataba wa Rehema uliruhusu nyumba kuhariri kama itakavyoona inafaa, na nyumba iliona.

Nilimpigia Rehema siku hiyo hiyo. Alisema labda nitaweza kuongea nao tena. Niliongea nao tena. Niliongea nao mpaka Mzee Salum akaanza kutumia mlango wa dukani ili asipite mezani kwangu.

Nakala zilipotoka niliomba nimpelekee mimi mwenyewe. Niliteremka Ipogolo na bahasha. Alikuwa anapakua wali kwa madereva wawili. Alinawa mikono, akaifuta kwenye kanga, akafungua moja kwa moja ukurasa wa mwisho. Akasoma amesimama.

"Mama, mchuzi!" dereva mmoja alilalamika.

"Subiri, nasoma kitabu changu."

"Umeandika wewe? Basi nisomee na mimi, labda nitasahau njaa."

Hakucheka. Alipomaliza alirudia ukurasa ule tena.

"Nani kaandika?"

"Mwalimu Vumilia."

"Anajua kuandika." Alikifunga kitabu taratibu. "Dada Atu, huyu wa kitabuni ana nyumba ya vyumba viwili. Aliipata wapi? Mimi nalala na shangazi jikoni. Angeandika na alikoipata, ningekwenda na mimi."

Nikamwambia samahani, na maneno mengine mengi, ambayo sitayarudia hapa. Aliniwekea wali. Alisema atampigia Sifa amkataze kukisoma. Sikuweza kula, kwa sababu nilijua kitu ambacho yeye hakukijua bado: maboksi ya Mbeya yalitangulia. Mzee Salum huwa anaanza na walionunua wengi. Nilimwambia. Akakaa chini kwenye ndoo iliyofunikwa, akapiga simu pale pale. Haikupokelewa. Ilikuwa muda wa masomo.

Nilirudi Ipogolo mwisho wa wiki ile. Mtaambiwa na mtu hapo ofisini kwamba niliacha kazi kwa hasira, au kwa sababu ninafikiri kupita kiasi. La pili ni kweli siku zote, kwa hiyo haliwezi kuwa sababu. Sababu ni siku ile.

Rehema alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Sifa amenipigia," alisema. "Yeye mwenyewe. Tangu nimnunulie ile laini ya simu hajawahi kunipigia."

"Anasemaje?"

"Hajasema 'sawa.' Ameongea sana, dada. Amecheka. Anasema amekisoma mara mbili, amewasomea na wenzake darasani, amewaambia huyu ni dada yangu. Anasema, kumbe siku ile ulikuja kuangalia tu, ulikuwa hujamaliza kujenga." Mkono wake uliendelea kupita juu ya mchele, unatafuta mawe. "Ameshafunga nguo kwenye begi. Anauliza nakwenda lini."

Lori liliingia kupaki, breki zikalia, vumbi likatufikia. Alifunika ungo kwa upande wa kanga.

"Nikamwambia nitampigia jioni," alisema. "Nimwambie nini? Ninyi ndio mnaojua mwisho."

Dereva alishuka akaagiza chai. Rehema hakusikia. Mikono yake ilikuwa imesimama.